Hela za wafadhili kwenye tafiti: tupeane uzoefu

Mtakwimu: Kuna mtu leo kanibishia kwamba mfadhili hana neno na matokeo, yeye anatoa hela tu. Mliofanya kazi kwenye taasisi za utafiti, hebu semeni yaliyowakuta.

Mhariri wa ripoti: Yetu ilihusu dawa ya kuulia wadudu. Rasimu ikapelekwa kwa mfadhili "kwa maoni", ikarudi imejaa wino mwekundu. Tulipoandika "vibarua walipata kizunguzungu na kutapika" pakawekwa "baadhi waliripoti kutojisikia vizuri". Jedwali lenye idadi ya wagonjwa likafutwa lote. Mkurugenzi akaniita, akafunga mlango, akaniambia awamu ya pili ya fedha inasubiri nikubali. Nikamwambia atoe jina langu kwenye jalada. Akalitoa! Ripoti ikachapishwa hivyo hivyo, na kwenye shukrani mfadhili akaitwa "wadau wa maendeleo". Waliougua wale niliwahoji mwenyewe. Inaniuma mpaka leo.

Msaidizi wa maabara: Hao "wadau" hata kwetu walikuwepo.

Mhasibu: Msiwaonee wafadhili. Mkono mtupu haulambwi. Mishahara yenu ingetoka wapi?

Mtakwimu: Nani kasema zisipokelewe? Tujue zimetoka kwa nani, ni kiasi gani, na nani anaamua kichapishwe nini. Wenye viwanda vya sukari Marekani waliwalipa watafiti wa Harvard, makala ikatoka 1967 ikiipunguzia sukari lawama za ugonjwa wa moyo na kuyatwisha mafuta. Mlipaji hakutajwa. Imekuja kuanikwa 2016.

Mhasibu: Enzi hizo majarida hayakudai mfadhili atajwe. Unawahukumu kwa kanuni za leo.

Mtakwimu: Mgonjwa aliyefuata ushauri ule alikuwa na haki ya kujua, kanuni iwepo isiwepo.

Mwanafunzi wa uzamivu: Kisa cha Betty Dong wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, mnakijua? Kampuni iliyokuwa ikiuza Synthroid, dawa ya tezi ya shingo, ilimlipia utafiti wa kuilinganisha na dawa nyingine za aina hiyo. Akakuta zinafanya kazi sawa. Jarida la tiba la JAMA la Marekani likaikubali makala, itoke Januari 1995. Kumbe mkataba ulikuwa na kipengele: hakuna kuchapisha bila idhini ya kampuni kwa maandishi. Makala ikaondolewa dakika za mwisho, ikatoka Aprili 1997. Muda wote huo watu wananunua Synthroid ya bei ghali, wakati za bei nafuu zinafanya kazi ile ile!

Msaidizi wa maabara: Miaka miwili?! Na chuo kikamwacha?

Mwanafunzi wa uzamivu: Wanasheria wa chuo walisema hawatamtetea mahakamani.

Mhasibu: Hapo kweli walimkosea. Ila alisaini.

Mhariri wa ripoti: Ndiyo maana msisaini kabla mwanasheria wenu hajasoma kipengele cha uchapishaji. Mfadhili apewe siku za kutoa maoni, kura ya turufu asipewe.

Msaidizi wa maabara: Mtafiti mchanga ana ubavu gani wa kukataa? Saini, ila barua pepe zote zitunze nyumbani.

Mhasibu: Usimdanganye mwenzako. Nyaraka za ofisi kuzipeleka nyumbani kunaweza kumfukuzisha kazi.