Mashindano ya magari yamelima alalili na kukata tuta la lambo letu. Kibali kipo, msimamizi hakuwepo!

Wakuu, salaam. Nina hasira na sioni sababu ya kuzificha.

Wikiendi moja ya Mei, masika yakiwa yanaelekea ukingoni, kundi la magari ya mashindano ya nje ya barabara pamoja na pikipiki zao lilishuka kwenye malisho ya kijiji chetu, upande wa magharibi wa barabara ya Arusha kwenda Namanga. Walikuja na mabango, mahema, jenereta, muziki hadi usiku wa manane, na karatasi yenye muhuri. Jumapili jioni wakaondoka. Wametuachia alalili iliyolimwa na matairi, tuta la lambo lililokatwa, na mbuzi wa jirani yangu mwenye mguu uliovunjika. Sitaji jina la kampuni wala ofisi iliyogonga muhuri, kwa sababu malalamiko rasmi yanaandaliwa na sitaki uzi huu ufutwe. Wahusika mpo humu, mtajijua.

Kwenye kurasa zao wameandika kwamba walikwenda "kufungua pori". Lile si pori. Kwa wasiojua, alalili ni kipande cha malisho karibu na maboma ambacho tunakifunga mvua zikianza. Ng'ombe wakubwa hawaingii. Nyasi zinaachwa zikue, zitoe mbegu, zikauke zikiwa zimesimama. Kiangazi kikibana, kuanzia Agosti hivi mpaka vuli ianze, ndipo tunafungua kwa ajili ya ndama, ng'ombe wanaonyonyesha na mifugo dhaifu isiyoweza kufuata kundi mbali. Hakuna uzio. Mpaka wake ni mgunga fulani, kichuguu fulani, korongo fulani, na kila layoni, yaani mvulana wa Kimaasai, anayechunga anaujua kabla hajajua kusoma. Mgeni akitazama anaona uwanda mtupu wenye majani mazuri. Ndiyo maana mgeni anatakiwa kuuliza.

Na sisi wenyewe tunabanwa kwelikweli. Mwaka jana kijana wa boma la jirani alilala usingizi mchana, ng'ombe wakaingia alalili. Baba yake alilipa faini kwa mujibu wa sheria ndogo za kijiji, mbele ya wazee, bila ubishi, na hakuna aliyesema ameonewa. Sasa niambieni, ng'ombe aliyekula majani kwa saa moja analipiwa faini, halafu gari la tani mbili na nusu linalong'oa majani na mizizi yake linapigiwa makofi?

Udongo wa huku mnaujua. Ni wa majivu ya volkano, mwepesi, ukikauka ni vumbi na ukilowa unateleza kama sabuni. Tairi pana lenye meno likikwama na dereva akaendelea kukanyaga mafuta, linachimba na kutupa nyuma udongo wa juu wote, ule wenye mbegu na mizizi. Chini yake udongo unashindiliwa, maji hayazami tena. Pale walipopanda kilima moja kwa moja ndipo pabaya zaidi, kwa sababu mifereji miwili ya matairi inayoshuka mteremko ni njia ya maji iliyokwisha chimbwa. Mvua kubwa ya kwanza inaifuata, ya pili inaipanua, na baada ya misimu michache una korongo. Anayepita Kisongo au Monduli ameyaona makorongo, hahitaji mtaalamu wa kumweleza.

Waandaaji wanasema majani yataota tena. Kwenye jangwa la Mojave kule Marekani jeshi lilifanya mazoezi ya vifaru kuanzia 1942 mpaka 1944, na alama za vifaru vile bado zinaonekana leo. Huku kwetu mvua ni nyingi kuliko kule, sawa, lakini huku kwetu mvua hiyohiyo ndiyo inayobeba udongo uliochokonolewa.

Halafu wamechagua Mei makusudi. Wanataka matope, kwa sababu gari likikwama na kuvutwa kwa winchi ndiyo raha yao na ndiyo video yao. Wakati ambao ardhi haiwezi kustahimili tairi ndio huohuo wanaoutaka. Ofisa aliyesaini tarehe ile alitakiwa alijue hilo.

Tuje kwenye lambo, na hapa naomba msome taratibu, maana mimi ni mjumbe wa kamati ya lambo na hili ndilo linaloninyima usingizi.

Lambo letu ni tuta la udongo lililoziba bonde dogo. Linajaa masika, na maji hayo ndiyo mifugo wanayokunywa Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba. Hakuna bomba wala kisima kingine cha karibu. Tuta la udongo lina sharti moja kubwa: mgongo wake uwe sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na maji yakizidi yapite kwenye utokeo uliojengwa pembeni kwa mawe. Mgongo ukipata bonde mahali pamoja, hata la kimo cha kiganja, maji yakijaa yanapita hapo na hayapiti kwenye utokeo. Yakishaanza kupita juu ya udongo yanaula kuelekea chini, na tuta linaweza kukatika kwa usiku mmoja. Ndiyo maana tulipanda nyasi juu ya tuta na ndiyo maana hata punda haruhusiwi kupita pale.

Jumamosi alasiri nilikuta magari manne yamepangwa juu ya tuta, droni inazunguka juu. Yalipanda kwa ubavu wa nje, moja baada ya jingine, kwenye njia ileile. Nikamfuata dereva wa la kwanza, nikamwambia, "Kijana wangu, shusheni magari, hili ni tuta la maji ya mifugo." Akanijibu kwa adabu, sitamsingizia, "Shikamoo mzee. Tuna kibali, mzee wangu, tunapiga picha tu tunashuka." Nikamwomba anionyeshe mahali kibali kiliposema tuta. Akaniambia niongee na mratibu. Mratibu yuko wapi? Yuko kambini. Kambi iko wapi? Ng'ambo ya korongo, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Nilipofika kambini mratibu alikuwa kwenye njia, na huko kwenye njia hakuna aliyejua alipo.

Wakati wa kushuka, la tatu liliteleza. Likang'oa kipande cha ukingo wa ndani, udongo ukaingia majini, na mgongo wa tuta sasa una bonde ambalo mguu wangu unazama mpaka kwenye kifundo. Siku iliyofuata vijana walijaza viroba vya mchanga. Viroba si tuta. Mwakani masika yakija na pale hapajashindiliwa upya kitaalamu, tunapoteza lambo.

Huyo mbuzi nimemtaja juu. Pikipiki mbili zilitokea nyuma ya kichaka kwa kasi, kundi likatawanyika, mtoto wa miaka tisa au kumi anakimbiza mbuzi huku na pikipiki ya tatu inakuja. Mungu alisaidia akawa mbuzi. Na pembeni ya njia, kwenye ule mteremko wa matope, walisimama watoto na akina mama wameshika watoto mgongoni, hatua chache tu kutoka gari linapopita, hakuna hata kamba. Mnakumbuka kilichotokea Johnson Valley, California, tarehe 14 Agosti 2010? Mashindano ya nje ya barabara kwenye ardhi ya umma, usiku, watazamaji wamesogea mpaka kwenye njia, gari likapinduka juu yao, watu 8 wakafa. Kibali kilikuwepo pale pia. Taasisi ya serikali yao inayosimamia ardhi hiyo, BLM, ilijichunguza na kukiri kwamba haikufuata taratibu zake yenyewe za kutoa na kusimamia kibali.

Nakala ya kibali cha hawa wetu nimeisoma. Kinasema washiriki watatumia "njia iliyoainishwa", na ramani haijaambatanishwa. Idadi ya magari haikutajwa. Mvua ikinyesha nini kifanyike, kimya. Nani wa wilaya au wa kijiji atakuwepo kuangalia, kimya. Nani analipa kikiharibika kitu, kimya. Ofisa mmoja alikuja Ijumaa, akahutubia, akapiga picha, akarudi mjini kabla injini ya kwanza haijawashwa. Kijiji tunaambiwa kilipewa "mchango". Mkutano mkuu wa kijiji haujasomewa risiti wala haukuulizwa kabla.

Na hili la mkutano mkuu si hisani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kama mdhamini kwa faida ya wanakijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Mtasema tukio la siku tatu si ugawaji wa ardhi. Kisheria mnaweza kuwa na hoja. Lakini mdhamini anayefungulia wageni malisho yaliyofungwa kwa wenye malisho, bila kuwauliza, amelinda faida ya nani? Tuna mpango wa matumizi bora ya ardhi, ramani imebandikwa ofisini, na pale pameandikwa malisho.

Kuhusu lambo ndiyo hakuna hoja kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004, kifungu cha 57, inazuia ndani ya mita 60 shughuli yoyote inayoweza kuathiri hifadhi ya kingo za mito, fukwe, na pia mabwawa ya maji. Mita 60 hizi mama anayelima mchicha kandokando ya mto anazifahamu, maana anang'olewa mchicha wake. Magari manne yalikuwa mita sifuri.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba baadhi ya madereva wale wanafanya kazi ya utalii. Wakiwa Serengeti au Tarangire hawatoi hata tairi moja nje ya njia, wanajua watapigwa faini na kampuni zao zitaingia matatani. Elimu wanayo. Wanaiacha getini.

Kuna atakayekuja kuniambia wenzetu wa Marekani wanajirusha na magari wanavyotaka kwenye ardhi ya umma. Hapana mkuu. Tangu 1972 Rais Nixon aliposaini amri Na. 11644, taasisi za serikali zinatakiwa kuainisha wapi magari ya aina hii yanaruhusiwa na wapi hayaruhusiwi, na njia zichaguliwe kwa namna ya kupunguza uharibifu wa udongo, kusumbua wanyama na kugongana na watumiaji wengine. Mwaka 1977 Rais Carter akaongeza amri Na. 11989: ofisa akiona eneo linaharibika vibaya, alifunge mara moja. Utekelezaji wao una mashimo yake, Johnson Valley ni ushahidi. Ila angalau imeandikwa kwamba anayefunga ni nani.

Hapa jirani Kenya wana Rhino Charge, mashindano ya magari ya nje ya barabara ya kuchangisha fedha za hifadhi, tangu 1989. Magari yanapita kwenye vichaka kweli, na siyatetei kwa hilo. Lakini fedha zake zilijulikana zinakwenda wapi: uzio wa umeme wa hifadhi ya milima ya Aberdare, uliokamilika 2009, unaonekana kwa macho. Hawa wetu wametuachia chupa za plastiki na viroba vya mchanga tulivyonunua wenyewe.

Sipingi michezo. Wanangu walikwenda kutazama na walifurahi, na barabara za changarawe za kupitishia rali zipo tele mkoa huu. Ninachotaka, na nitakisema kwenye kila ofisi: njia ichorwe na wazee na kamati zetu wakiwepo, iwekewe vigingi na utepe, na gari likitoka nje ya utepe liondolewe mashindanoni siku hiyohiyo. Kiangazi tu, na alalili na lambo visikaribiwe. Mwandaaji aweke dhamana ya fedha kabla, irudishwe baada ya kijiji kukagua na si kabla. Na awepo mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema simameni, namba yake ya simu ijulikane mpaka kwa mtoto anayechunga, akae hapo mpaka gari la mwisho litoke. Kama ofisi haina mtu wa kukaa, isitoe kibali.

Kwa sasa tunadai vitu viwili. Tuta likarabatiwe kwa gharama ya mwandaaji, na mhandisi wa maji alikague, kabla ya vuli. Na mwenye mbuzi alipwe. Amepiga simu mara kadhaa, wanamwambia "tutakurudia mama".

Naomba msaada wenu kwenye hili: nani amewahi kupeleka malalamiko ya namna hii NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) Kanda ya Kaskazini, hapa Arusha? Barua ianzie kijiji, ipite kwa mtendaji wa kata, au mwananchi anaweza kwenda mwenyewe na picha? Sheria Na. 20 ya 2004 inampa kila mtu haki ya kudai mazingira safi na salama, ila nataka aliyepita njia hiyo aniambie waliomba nyaraka gani. Picha za tuta ninazo, na namba za magari zinasomeka. Na mwanasheria yeyote humu anayejua kama dai la fidia dhidi ya mwandaaji linafunguliwa kwa jina la kijiji au la wanakijiji walioathirika, aniandikie hapahapa chini, siyo inboksi, ili na vijiji vingine vilivyopangiwa kwenye ratiba yao vione.