Eneobunge la 94 la Virginia: je, wapiga kura walibadilika au mipaka ndiyo iliyobadilika?

Mdadisi wa Kura
Habari zenu wanajukwaa. Ninafuatilia historia ya eneobunge la 94 la Baraza la Wawakilishi la jimbo la Virginia, nchini Marekani, ambalo wakati huo lilikuwa ndani ya mji wa Newport News. David Yancey wa chama cha Republican alilishinda mwaka 2011, 2013 na 2015. Mwaka 2017 yeye na Shelly Simonds wa Democratic walifungana kwa kura 11,608 kila mmoja, na mshindi akapatikana kwa kuchaguliwa jina kutoka kwenye bakuli. Miaka miwili baadaye Simonds alimshinda waziwazi, kwa zaidi ya asilimia 55 ya kura. Ninaomba kufafanuliwa: je, inawezekana wapiga kura wa eneo moja wakahama chama kiasi hicho kwa muda mfupi namna hiyo, au kuna jambo ambalo takwimu hizi hazisemi?

Mzee wa Takwimu
Ndugu Mdadisi, jambo lipo, nalo ni mipaka. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba maeneobunge 11 ya Virginia yalikuwa yamechorwa kwa kuwagawa wapiga kura kwa misingi ya rangi. La 94 halikuwa miongoni mwa hayo 11, lakini jirani yake, la 95, lililopita Hampton na Newport News, lilikuwemo. Na huwezi kusogeza ukuta wa chumba kimoja bila kugusa cha pili. Ramani mpya ikabadilisha maeneo mengi ya jirani, na la 94 likapata wapiga kura walioelekea zaidi upande wa Democratic. Mwezi Juni 2019 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa rufaa ya Baraza la Wawakilishi la Virginia kwa hoja kwamba halikuwa na haki ya kisheria ya kukata rufaa, na uchaguzi wa Novemba ukafanyika kwa ramani hiyo mpya. Kwa hiyo kulinganisha 2017 na 2019 kana kwamba ni watu walewale ni kosa, ingawa sikatai kwamba upepo wa kisiasa jimboni nao ulikuwa umegeuka: mwaka 2017 peke yake Republican walishuka kutoka viti 66 hadi 51 kati ya 100.

Wakili Msomaji
Naongezea upande wa sheria, kwa sababu kisa cha 2017 husimuliwa kana kwamba bakuli ndilo lililoamua kila kitu. Usiku wa uchaguzi Yancey aliongoza kwa kura chache. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa tarehe 19 Desemba, Simonds akawa mbele kwa kura moja tu, 11,608 kwa 11,607. Kesho yake jopo la majaji watatu likaangalia karatasi moja ambayo mpiga kura alikuwa amejaza vidoa (viduara vya kuchagulia) vya wagombea wote wawili, kisha akapitisha mstari kwenye kidoa cha Simonds. Majaji walizingatia kwamba katika nafasi nyingine mpiga kura huyo aliwachagua Warepublikan, wakaihesabu kura hiyo kuwa ya Yancey. Hapo ndipo sare ilipozaliwa. Tarehe 4 Januari 2018, mjini Richmond, mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi ya jimbo alichomoa jina la Yancey kutoka kwenye bakuli la kauri. Iwapo lingetoka la Simonds, baraza lingegawanyika viti 50 kwa 50 na vyama vingelazimika kugawana uongozi. Kwa maoni yangu, uamuzi mzito zaidi ni ule wa karatasi moja, si wa bakuli. Tena kulikuwa na mgombea wa tatu, wa chama cha Libertarian, aliyepata kura 675, na ni nadra kumsikia akitajwa.

Mdadisi wa Kura
Nashukuru sana, wakubwa zangu. Nani hasa huchora mipaka hiyo? Kwetu Kenya kazi hiyo ni ya IEBC, yaani tume huru ya uchaguzi na mipaka.

Mzee wa Takwimu
Ramani ya 2011, ile ya zamani iliyotumika hadi 2017, ilichorwa na wabunge wenyewe wa Virginia. Mwaka 2020 wapiga kura waliidhinisha tume ya kuchora mipaka, lakini mwaka 2021 wajumbe wake walishindwa kuafikiana, na Mahakama ya Juu ya Virginia ikateua wataalamu wawili wakachora. Chunga sana unapotafuta takwimu za baada ya hapo: Simonds sasa anawakilisha eneobunge la 70, Newport News hiyohiyo, ilhali namba 94 imehamishiwa Norfolk, ng'ambo ya maji. Ukifuata namba badala ya mitaa, utaunganisha watu ambao hawajawahi kupiga kura pamoja.