Nimeulisha mtambo wa baiogesi kupita kiasi na sasa gesi haiwaki: je, bakteria wamekufa?

Mfugaji wa Vihiga
Wanajukwaa, hamjambo. Nina ng'ombe wawili na mtambo wa baiogesi ambao umetupikia kwa miaka mitatu bila shida. Mwezi uliopita tulikuwa na matanga, na wageni walipoondoka nilimwaga ndani mabaki yote ya ugali pamoja na ndoo kadhaa za machicha ya busaa, nikiamini kwamba chakula kingi kingeleta gesi nyingi. Siku mbili za kwanza gesi iliongezeka kweli, lakini moto ulikuwa hafifu, na sasa hauwaki kabisa, huku tope linalotoka likinuka uchachu. Naomba kueleweshwa jinsi vijidudu hawa wanavyokula, ili nisirudie kosa.

Mwalimu wa biolojia, Nakuru
Pole kwa msiba, ndugu. Waliokula ugali wako hawajafa. Walioumia ni wale wanaokula baada yao.

Kila kijidudu hutafuta vitu viwili: mali ya kujengea mwili, kama vile kaboni, nitrojeni na fosforasi, na nishati ya kuendeshea ujenzi huo. Vijani, yaani vijidudu wa kijani wa Ziwa Nakuru ambao heroe huwala, hupata nishati kutoka kwa jua na kaboni kutoka kwa magadi yaliyoyeyuka majini. Ndani ya mtambo wako hakuna mwanga wala oksijeni, kwa hiyo nishati yote hutoka katika kuvunjavunja chakula. Wanga na nyuzi za majani ni vipande vikubwa visivyoweza kupenya ukuta wa seli, na kwa sababu hiyo bakteria hutoa vimeng'enya nje ya miili yao, wakameng'enya huko, kisha wakafyonza sukari.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Bakteria mwenye oksijeni anaweza kupata hadi takriban ATP 38, yaani vipimo vidogo vya nishati, kutoka kwa molekuli moja ya glukosi, ilhali anayechachusha glukosi hiyo kuwa asidi ya maziwa hupata 2 tu. Mwenye pato dogo hivyo hulazimika kula kwa wingi, na kadiri anavyokula ndivyo anavyomwaga asidi. Ndiyo asidi inayohifadhi mursik, yale maziwa ya kuchachusha ya Wakalenjin, lakini katika mtambo ni balaa. Wanaotengeneza metani, ambao kwa kweli si bakteria bali ni arkea, kundi jingine la vijidudu, huishi kwa kula mabaki ya wenzao, hasa asidi asetiki na haidrojeni. Nishati nyingi hubaki ndani ya metani yenyewe (ndiyo maana inawaka jikoni kwako), nao hujibakizia kidogo mno. Wachachushaji huongezeka kwa saa. Arkea wengi wanaokula asidi asetiki huhitaji siku kadhaa ili wawe maradufu. Ulipoleta wanga mwingi kwa mara moja, asidi iliwazidi kasi, na gesi uliyoiona siku zile mbili bila shaka ilikuwa kabonidayoksaidi kwa sehemu kubwa.

Fundi wa mitambo, Kisumu
Naunga mkono maelezo ya mwalimu. Acha kabisa kuulisha kwa muda, kisha pima tope kwa karatasi ya kupimia asidi. pH, yaani kipimo cha asidi, ikiwa chini ya 6.5, ongeza chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga, na usiharakishe, kwa sababu ikizidi nayo hudhuru. Omba jirani mwenye mtambo unaowaka akupe ndoo chache za tope lake, maana humo mna arkea walio hai. Moto ukirudi, anza na samadi ya ng'ombe peke yake.

Mfugaji wa Vihiga
Asanteni sana. Je, nikitumia kinyesi cha kuku badala ya samadi, watapona haraka zaidi?

Mwalimu wa biolojia, Nakuru
La, ndugu yangu. Kinyesi cha kuku kina nitrojeni nyingi, na ile isiyotumika kujenga miili hugeuka amonia, ambayo ikizidi huwadhuru arkea walewale. Kwa kawaida mchanganyiko hufaa ukiwa na sehemu 20 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni, na samadi ya ng'ombe imekaribia kiwango hicho bila wewe kupima chochote.