Dawn Staley: moto zaidi uwanjani au kwenye benchi?

Kikapu Damu: Wadau, huyu mama wa kikapu Marekani alikuwa hatari zaidi akicheza au akifundisha? Mimi nasema akicheza. Na ufupi wake ule kakipeleka chuo chake cha Virginia nne bora (nusu fainali) ya vyuo vya Marekani mara tatu mfululizo, 1990 mpaka 92.

Mzee wa Benchi: Kafika, kachukua lini? Fainali ya 91 walilala kwa Tennessee 70-67. Ubingwa wa vyuo kaupata akiwa kocha wa chuo cha South Carolina, 2017, 2022 na 2024, tena huo wa mwisho 38-0, hajafungwa hata mechi moja. Ila mshahara wa dola milioni 4 kwa mwaka kwa timu ya akina dada, hapo wamepitiliza.

binti_rebaundi: "Timu ya akina dada" ndo nini? Ulikuwa unaongea vizuri, mwishoni umeharibu.

Mzee wa Benchi: Nimeongelea hesabu, usinilishe maneno.

binti_rebaundi: Hesabu ipi sasa? Ukumbi wao unaingiza watu 18,000 na miaka kibao ndo wanaongoza Marekani nzima kwa mashabiki kikapu cha wanawake vyuoni. Mwanaume akilipwa hivyo mnasema soko, akilipwa mwanamke mnatoa kalkuleta.

Gadi Namba Tano: Turudini kwenye mada jamani. Hiyo 91 walifungwa dakika za nyongeza na bado yeye ndo akapewa mchezaji bora wa nne bora. Halafu Olimpiki ana dhahabu mbili.

Kikapu Damu: Tatu bwana! 1996, 2000, 2004, na Athens ndo alibeba bendera ya Marekani. Tokyo kaongeza nyingine akiwa kocha.

Mzee wa Benchi: Sawa, mbona Knicks, timu ya wanaume ya NBA, walimwita kwenye usaili wa ukocha 2025 halafu kazi wakampa Mike Brown?

binti_rebaundi: Kumbe mpaka afundishe wanaume ndo uridhike! Huyo kaanza ukocha chuo cha Temple mwaka 2000 huku bado anacheza WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, kiangazi yuko uwanjani anakimbizana na mabinti, baridi ikiingia yuko pembeni anawafokea wanafunzi. Wewe kazi mbili kwa mpigo umewahi?

Mzee wa Benchi: Kazi zangu zinaingiaje hapa??

binti_rebaundi: Si umeanza wewe kuhesabu mshahara wa mtu.

Gadi Namba Tano: Hivi hiyo milioni 4 ni kabla ya kodi au baada?