Kipozeo cha prosesa Noctua NH-D15 kwenye mashine inayosafiri: bodi (ubao mama) itahimili barabara ya Tukuyu?

Studio_Mafiati (Mbeya)

Habari za jioni wakuu. Nahariri video za kwaya hapa Mafiati, na wikiendi nyingi natoka kurusha mikutano ya injili mubashara: Tukuyu, Kyela, mara mojamoja Chunya. Mashine yangu ni ya mezani, prosesa Ryzen 7 5800X, ramu gigabaiti 32. Inasafiri nyuma ya Noah pamoja na spika na stendi za kamera.

Shida ni joto. Fundi aliyeniungia alifunga ile feni ndogo ya skrubu nne inayokuja na prosesa za Ryzen 5. Nikianza kutoa video ndefu, muda si mrefu inagonga nyuzi 90, spidi inashuka, na kelele yake jirani anadhani nimefungua mashine ya kusaga.

Sasa nimenunua Noctua NH-D15 ya mtumba Kariakoo, imepanda basi ikafika salama. Nilipofungua boksi nikabaki naitazama tu. Minara miwili, feni mbili za milimita 140, jumla kilo 1.32. Je, lazima nitoe bodi nzima kwenye keisi ili niifunge? Na uzito huo ukining'inia kwenye bodi iliyosimama wima, tukipita matuta ya njia ya Tukuyu, bodi haitapasuka? Ramu zangu pia zina taji za taa juu, ni ndefu. Halafu kuna jamaa ananicheka, anasema Mbeya kuna baridi, dude hilo ni la watu wa Dar. Ana hoja?

Fundi_Gangilonga (Iringa)

Kamwene mkuu. Bisibisi iweke pembeni kwanza. NH-D15 ina kimo cha milimita 165, na keisi nyingi za bei nafuu ninazoletewa hapa zinaishia 160 au chini. Tafuta jina la keisi yako mtandaoni, mtengenezaji huwa anaandika kimo cha mwisho kinachoingia. Ikipungua hata milimita tatu, mfuniko haufungi, na hakuna ujanja.

Ramu: feni ya mbele inakaa juu yake na inaacha nafasi ya milimita 32 tu. Zenye taji za taa kwa kawaida zinazidi 40. Unaweza kuisogeza feni juu, lakini na kimo chote kinapanda. Mimi ningeiacha hiyo ya mbele nje kabisa, nibakize ya katikati. Utapoteza nyuzi chache, si za kukunyima usingizi.

Sasa kutoa feni ya zamani, na hapa usome taratibu. Kwenye soketi ya AM4, ambayo ndiyo ya prosesa yako, pini 1331 ziko chini ya prosesa yenyewe, na soketi haijaibana kwa fremu ya chuma kama za Intel. Pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni ikikauka inashika kama gundi. Ukivuta feni juu moja kwa moja, prosesa inang'oka nayo wakati mkono wa soketi bado umefungwa, na pini zikipinda utazinyoosha kwa sindano huku unatetemeka. Nimeletewa nyingi za namna hiyo. Kwa hiyo washa mashine, ipe kazi nzito mpaka ipate moto, zima, chomoa waya wa umeme, legeza skrubu kwa kupishana, kisha zungusha feni kidogo kushoto na kulia mpaka uisikie inateleza. Hapo ndipo unyanyue.

Skrubu nne zikishatoka, lile bamba la nyuma ya bodi halina tena kinacholishika, linadondoka. Noctua kwenye AM4 inatumia bamba hilohilo, kwa hiyo lilinde. Keisi yenye tundu kubwa nyuma ya prosesa inakuruhusu kulishika kwa mkono wa pili bila kutoa bodi. Mimi natoa bodi kila mara. Unachelewa, lakini unafanya kazi juu ya meza, kwenye mwanga, bila kukwaruza kitu.

Na kwa kuwa ni mtumba, kagua kama vyuma viwili vya kufungia kwenye AM4 vimo. Kipozeo hiki kilitoka 2014 na AM4 ikaja 2016, maboksi ya mwanzo hayana vyuma hivyo.

Kufunga kwenyewe hakuna maajabu. Vyuma viwili kwenye bamba, futa pesti ya zamani kwa spiriti, weka tone jipya katikati kama milimita nne, shusha mnara, kaza skrubu mbili za springi kwa kupishana: mizunguko miwili huku, miwili kule, mpaka zigome zenyewe. Feni ya katikati unaitoa kwanza, la sivyo bisibisi haifiki. Waya wa feni uingie palipoandikwa CPU_FAN. Ukiuweka kwingine, bodi nyingi zinagoma kuwaka hadi ubonyeze kitufe.

Chai_Luponde (Njombe)

Kaka, jamaa yako ana nusu ya hoja. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa takriban asilimia 18 ukilinganisha na ya pwani. Feni inasukuma ujazo uleule lakini inabeba joto pungufu. Upande wa pili, chumba kikipoa nyuzi moja, na prosesa inashuka karibu nyuzi moja. Kati ya chumba cha Dar chenye 31 na chako cha Juni chenye 16, baridi inashinda hoja ya hewa nyepesi.

Ila kiini si mkoa. Feni uliyofungiwa ni ya prosesa za wati 65. 5800X imeandikwa 105, na kazi ikikolea inaruhusiwa kuvuta hadi 142. AMD wenyewe hawakuiwekea feni kwenye boksi. Ingechemka hata Makete.

Mimi natumia prosesa hiyohiyo kuchora ramani za mashamba, na nakuonya usitegemee nyuzi 50. Koo (core) zake zote nane ziko kwenye kipande kimoja kidogo, joto linatoka kwenye eneo finyu. Ukipata 75 hadi 80 ikiwa kwenye kazi nzito, shukuru. Kikomo cha AMD ni 90.

Kuna njia ya bure pia: ingia bayosi (mipangilio ya bodi), washa hali ya Eco ya wati 65. Mvuto halisi unaishia wati 88, na muda wa kutoa video unaongezeka kidogo tu. Ningeanza na hiyo kabla ya kutuma hela Kariakoo.

Mwana_Ipinda (Kyela)

Mkuu iuze hiyo. Kwa mtu wa kusafiri chukua mnara mmoja wenye feni ya 120, mwepesi, na ramu zako zinabaki na taji zao. NH-D15 ni ya mashine isiyohama.

Studio_Mafiati (Mbeya)

Asanteni. Nimeangalia, keisi inaruhusu 170, na vyuma vya AM4 vimo. Eco nimeiwasha tangu jana, ni kweli imetulia, lakini kwenye kurusha mubashara nataka nguvu zote. Kuiuza sitaki. Fundi, bado hujanijibu la barabara.

Fundi_Gangilonga (Iringa)

Mwana wa Ipinda hajakosea, na mimi kwa kazi yako ningenunua ndogo. Lakini umeshanunua. Ikisimama mezani bodi haiumii, lile bamba la nyuma linagawa uzito. Tatizo ni gari likidunda: kilo na robo iliyochomoza pembeni inakuwa wenzo, na kila shimo linaibinya bodi kwenye zile tundu nne.

Laza keisi ubavu, bodi iwe chini na kioo kiangalie juu. Hapo mnara umesimama wima na uzito unashuka moja kwa moja. Kadi ya grafiki nayo inapumzika. Chini weka godoro la sponji, na spika zisipangwe juu yake. Ukija kuituma kwa basi bila wewe kuwepo, ng'oa mnara wote. Wapakiaji hawasomi maandishi ya "upande huu juu".

Studio_Mafiati (Mbeya)

Nimefunga kwa feni moja ya katikati, bodi nikaitoa kama ulivyosema. Nimezima Eco, video ya kwaya ya saa nzima imetoka ikiwa inacheza kwenye 77 na 79. Kelele hakuna, sasa nasikia hadi transfoma ya jirani. Jumamosi naenda nayo Tukuyu, imelazwa. Ndaga fijo wote.

Uyole_Darasani (Mbeya)

Mkuu, ile feni ndogo unaiuza? Nina Ryzen 5 3600, yangu imevunjika pangaboi moja.

Studio_Mafiati (Mbeya)

Njoo uichukue bure, ila pesti uje na yako.