Re: Kadi za besiboli, tuanze na za miaka gani?

Habari zenu wanajumuiya. Kijana wangu amezaliwa hukuhuku, ameanza kucheza besiboli ya watoto na sasa nyumbani hakukaliki, ni kadi tu asubuhi mpaka usiku, hizi zenye picha za wachezaji. Nataka akusanye kitu chenye maana lakini kila ninayemuuliza ananiambia lake, mara nunua pakiti mpya, mara tafuta za zamani. Mfanyakazi mwenzangu ana maboksi ya 1989 ambayo hayajafunguliwa, anasema ni mali ya kumsomeshea mtoto chuo, anataka nimpe dola mia mbili. Mshahara wangu mnaujua ulivyo. Tuanzie wapi jamani?

Mama Kijana, Minneapolis

---

Dada habari za huko na baridi. Hilo la maboksi ya 1989 nianze nalo kabla hujatoa hela. Topps, kampuni inayochapa kadi hizi, walikuwa kama peke yao sokoni tangu walipowanunua wapinzani wao Bowman mwaka 1956, mpaka kampuni ya Fleer wakaenda mahakamani, hukumu ya 1980 ikafungua mlango, 1981 wakaingia Fleer na Donruss, baadaye Score na Upper Deck nao hao, na watu walishasikia kadi za miaka ya hamsini zinauzwa bei mbaya basi kila mtu akanunua maboksi akayafungia stoo akisubiri utajiri, na kampuni nazo zikachapa bila breki. Kuanzia kama 1986 hadi 1993 ndo hali ilikuwa hiyo. Kadi ya Topps ya 1952 ni ghali kwa sababu watoto walizichezea zikachanika, wazazi wakazitupa, hata Topps wenyewe walibaki na shehena isiyouzika na Sy Berger, yule aliyeibuni seti ile, alisimulia jinsi alivyoipeleka kumwagwa baharini mwaka 1960. Za 1989 nani alizitupa? Hata ile ya mchezaji Ken Griffey Jr. ya Upper Deck, namba 1 kwenye seti, ambayo kila mtu anaipenda, zipo nyingi sana.

Za zamani kabisa, zile za kwenye pakiti za sigara za 1909 hadi 1911 wanazoziita T206, na zile za 1933 zilizokuja ndani ya pakiti za bigijii za Goudey, zenye mchezaji maarufu Babe Ruth, hizo tuziangalie tu kwenye kioo. Kadi ya T206 ya mchezaji Honus Wagner iliuzwa zaidi ya dola milioni saba mwaka 2022. Halafu kuna jambo linaniuma, mtoto wako akizipanga hizo mezani hataona sura inayofanana na yake, maana ligi kuu ilikuwa imewafungia weusi nje mpaka Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947. Wachezaji weusi akina Josh Gibson walikuwa wanapiga mipira huko kwenye ligi zao na hakuna kampuni ya bigijii iliyowachapa.

Pakiti mpya mimi siziungi mkono, nasema wazi. Kadi hiyohiyo moja ya mchezaji huyohuyo inatoka kwa rangi chungu nzima, nyingine zina namba kwamba zipo tano tu duniani, unalipa hela ya sokoni ya wiki nzima unafungua unakuta hamna kitu, mtoto anataka nyingine. Hiyo ni kamari na tusimfundishe mtoto kamari. Kama kuna mchezaji wa sasa anampenda, mnunulie kadi yake moja tu iliyokwishafunguliwa, ni rahisi mno.

Sasa mimi ningekuambia nenda miaka ya sabini, Topps za 1970 hadi 1980, na usitafute zinazong'aa, tafuta zilizochakaa kidogo. Kona zimelegea, pengine kuna mkunjo, lakini sura inaonekana vizuri. Nyingi zinaanzia bei ya kahawa, na majina makubwa mara nyingi ni bei ya pitsa. Hapo ndo kuna utamu wote. Chukua Hank Aaron ya 1974, namba 1, imeandikwa kabisa kuwa yeye ndiye mfalme mpya wa home run, yaani mpigo wa kuutoa mpira nje ya uwanja, na Topps waliichapa kabla hajaivunja rekodi! Alimaliza 1973 akiwa na 713, Babe Ruth alikuwa na 714, na ile ya 715 aliipiga tarehe 8 Aprili 1974, huku barua za vitisho za wabaguzi zikimiminika kwa sababu tu ni mweusi. Chukua Roberto Clemente ya 1973, ilitoka ameshafariki, ndege ilianguka tarehe 31 Desemba 1972 akipeleka misaada Nicaragua kwa waliopatwa na tetemeko. Mtoto ukimpa kadi mbili hizo na stori zake atazishika tofauti.

Na nyie mko Minneapolis! Basi Rod Carew. Mzaliwa wa Panama, alikuja Marekani akiwa kijana, akaichezea Twins, timu yenu ya hapo, kuanzia 1967 hadi 1978, mwaka 1977 akapiga wastani wa .388, yaani karibu mipigo minne iliyofaulu katika kila kumi. Ile ya kwanza ya 1967 achaneni nayo, ni ghali, lakini kadi zake za sabini zote mtoto anaweza kuzifuata mwaka hadi mwaka kwa hela ya sikukuu.

Mkienda kwenye maonyesho ya kadi angalia sana za 1971, zile zina ukingo mweusi na rangi inabanduka upesi, karatasi nyeupe inachungulia pembeni. Kuna watu wanapaka kalamu nyeusi kuficha. Iinamishe kadi kwenye mwanga, penye kalamu patang'aa tofauti na ukingo mwingine.

Kaka yenu, Columbus

---

Naongezea tu hapo kwa kaka. Mtu akikuuzia kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya 1952 bei poa chukua rula. Topps walizichapa upya zile za 1952 mwaka 1983, na hizo za marudio ni ndogo, inchi 2.5 kwa 3.5, za kweli ni kubwa kidogo. Geuza nyuma pia usome kilichoandikwa. Kuna kijana hapa kwetu alilipa hela nzuri kwa ya marudio, roho iliniuma.

Baba Wawili, Houston

---

Asanteni sana ndugu zangu, Carew tumemkubali, kijana ameshaanza kutafuta. Za kuhifadhi mnaweka wapi? Na huyu mwenzangu nimjibu nini?

Mama Kijana

---

Dada, plastiki laini kwanza halafu ndo plastiki ngumu juu yake, usifunge na raba bendi hata siku moja, inakata kingo. Na usiweke besimenti, unyevu unazipinda, weka kabatini chumbani. Kupeleka kwenye kampuni zinazopima na kutoa alama usihangaike, kwa kadi ya dola kumi ada inaizidi kadi yenyewe. Mwenzako mwambie kwa dola ishirini boksi moja utachukua watoto wafungue kwa furaha, kwa mia mbili hapana. Na mkifungua msile bigijii ya ndani!

Kaka yenu, Columbus