Nairobi kwa siku moja: majengo ya kale au mitaa ya zamani?

Mwenyeji_wa_Jumamosi: Wadau, binamu yangu anapanda kutoka Mombasa, ana Jumamosi moja tu. Mbuga hataki, anataka historia. Nimtembeze majengo ya mjini, au tuzunguke Kariokor na Kibera? Vyote siku moja naona tutakimbizana.

Shoka: Majengo. Yamekaribiana, mnakwenda kwa miguu. Anzeni Makumbusho ya Reli, kuna behewa ambamo simba aliingia usiku pale Kima mwaka 1900 akamtoa afisa wa polisi, Charles Ryall, dirishani. Kitazame kile kidirisha, utajiuliza alipitaje na mtu mdomoni. Kisha maktaba ya McMillan ya 1931, yenye simba wa mawe mlangoni (hao hawali mtu). Malizieni Kipande House, 1913, walikosajiliwa babu zetu wakavishwa kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni kama kengele ya mbuzi.

BintiMakina: Kaka Shoka, Kipande House siku hizi ni benki. Mgeni aende kutazama foleni? Mlete kwetu Makina, huku Kibera. Kibera ni “kibra”, msitu kwa Kinubi, na wazee wetu Wanubi walikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza) waliopewa makao humo. Hatimiliki ya ekari 288 tumeipata 2017 tu! Nyanya yangu bado anasuka kawa za rangi, na hadithi anazo. Ila usimwelekezee simu usoni.

Shoka: Hapo kwenye simu ndipo ninapoogopa mitaa, dada. Bila mwenyeji unakuwa mtu wa kuchungulia nyumba za watu.

Mzee_wa_Kaloleni: Wanangu, mbona Kariokor mmeiruka? Jina ni Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza, tulivyolitamka sisi. Pale Kenyatta Avenue pana sanamu tatu za shaba, mmoja mpagazi. Maandishi yako kwa Kiswahili pia, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Asome hapo, kisha aende sokoni Kariokor kwenye vyondo. Sanamu bila mtaa ni shaba tu.

Mwenyeji_wa_Jumamosi: Shikamoo mzee, umenifungua macho. Basi Reli asubuhi, sanamu, Kariokor, jioni Makina. McMillan tutaipita nje tu. BintiMakina, nyanya tumbebee nini?

BintiMakina: Sukari na majani chai. Na mje kabla ya magharibi, akishaingia kuswali hamtampata tena.